Kazi ya Mama Isiyomo Kwenye Ratiba ya Shule

Matokeo ya mtihani yakitoka mabaya, lawama haikosi pa kwenda. Walimu husema wazazi hawana mwamko, viongozi husema jamii haijatambua umuhimu wa elimu, na majirani husema mtoto yule hana mtu wa kumfuatilia. Kauli hizi haziko bure. Mwaka 1966 nchini Marekani, ripoti iliyoongozwa na mwanasosholojia James Coleman, iliyohusisha zaidi ya wanafunzi 500,000, ilionyesha kwamba hali ya familia anakotoka mtoto ina uzito mkubwa katika matokeo yake kuliko tofauti za majengo, maktaba na vifaa kati ya shule na shule. Mwaka uliofuata nchini Uingereza, Ripoti ya Plowden kuhusu shule za msingi ilitilia mkazo mtazamo wa wazazi na kuzihimiza shule ziwavute karibu. Tangu hapo ushiriki wa wazazi umekuwa wimbo wa wizara za elimu katika nchi nyingi. Lakini takwimu hizo zikishataja familia, huishia hapo. Hazisemi ndani ya familia ni nani anayeshiriki, anafanya nini hasa, saa ngapi, na anaacha kazi gani nyingine ili aifanye hiyo.

Maswali hayo yaliulizwa kwa dhati na watafiti, karibu wote wanawake, wa Uingereza, Kanada na Marekani kuanzia miaka ya 1970 hadi mwanzoni mwa karne hii. Wengi wao walijitambulisha kuwa wafeministi, yaani watu wanaoshikilia kwamba maisha ya wanawake yanastahili kuchunguzwa kwa uzito uleule wa maisha ya wanaume, na kwamba mgawanyo wa kazi na madaraka kati ya jinsia hizo umewekwa na jamii, hivyo unaweza kuelezwa na kubadilishwa. Njia waliyoitumia ni utafiti wa kimaelezo: mahojiano marefu, kukaa na familia na kutazama siku inavyokwenda, kurudi tena na tena mpaka mhojiwa aache kutoa majibu ya adabu na aanze kusema mambo yalivyo. Hoja ninayoitetea hapa inatokana na kazi yao. Shule kama tuijuavyo leo haiwezi kwenda bila kazi kubwa isiyolipwa ya akina mama, na kwa kuwa kazi hiyo haionekani, tofauti za uwezo wa kuifanya husomwa kimakosa kuwa ni tofauti za upendo, akili au mwamko.

Ili kazi hiyo ionekane, ilibidi kwanza ikubalike kwamba kinachofanyika nyumbani ni kazi. Mwaka 1974 mwanasosholojia Ann Oakley alichapisha utafiti uliotokana na mahojiano na wanawake 40 wa London kuhusu kufua, kupika, kusafisha na kulea. Aliwauliza kama vile mtafiti mwingine angemuuliza mfanyakazi wa kiwandani: saa ngapi kwa wiki, kipi kinachosha, kipi kinaridhisha. Leo maswali hayo hayashangazi mtu, lakini wakati ule sosholojia ya kazi ilihusu viwanda na ofisi, na mambo ya jikoni yaliwekwa katika sura ya ndoa. Baadaye Oakley aliwafuatilia wanawake waliokuwa wakipata mtoto wa kwanza, akiwahoji kabla na baada ya kujifungua, na hapo akakuta kwamba kanuni za vitabu vya utafiti hazimfai. Vitabu vilimtaka mhoji aulize na asijibu, asije akamwelekeza mhojiwa. Lakini mjamzito mwenye hofu anayemuuliza mgeni wake jambo la uzazi hawezi kuambiwa kwamba mgeni amekuja kuuliza tu. Wanawake wale walimuuliza mamia ya maswali, naye akawajibu. Katika makala yake mashuhuri ya 1981 alieleza kwamba kujibizana huko ndiko kulikowafanya wamwamini na wamweleze maisha yao kwa undani.

Aliyeunganisha jiko na darasa ni Dorothy Smith, mwanasosholojia mzaliwa wa Uingereza aliyefundisha Vancouver na kisha Toronto nchini Kanada. Smith aliwalea wanawe wawili peke yake huku akifundisha chuo kikuu, na alikwisha kuona kwamba sosholojia aliyoifundisha haikuwa na nafasi kwa maisha aliyoyaishi akitoka kazini. Yeye na mwenzake Alison Griffith, ambaye naye alikuwa mama anayelea peke yake, walianza kwa kuzungumza kirafiki kuhusu shule za watoto wao na jinsi nyumba isiyo na baba inavyotazamwa na walimu. Mazungumzo hayo yakazaa utafiti katika mji mmoja wa jimbo la Ontario. Waliwahoji akina mama wenye watoto katika shule mbili za msingi, moja ya mtaa wa watu wenye nafasi na nyingine ya mtaa wa kipato cha chini, kisha wakazungumza na walimu na wakuu wa shule. Kitabu kinachoeleza kazi hiyo kwa ukamilifu, Mothering for Schooling, kilitoka mwaka 2005.

Griffith na Smith hawakuwauliza akina mama wanaonaje umuhimu wa elimu, swali ambalo kila mtu anajua jibu linalotakiwa. Waliwaomba wasimulie siku ya shule inavyokwenda. Masimulizi hayo yalijaa mambo ambayo hakuna hojaji iliyokuwa ikiyapima. Mtoto lazima aamshwe, alishwe, avikwe na kufikishwa shuleni kabla ya kengele. Barua za shule lazima zisomwe na kujibiwa. Jioni kuna kazi za kusimamia, kitabu cha kusoma pamoja, na ugomvi wa darasani wa kutuliza kabla haujawa kisirani cha kesho. Wapo waliokwenda shuleni kujitolea, na wapo waliosoma mienendo ya walimu ili wajue waseme nini na lini. Kengele inapolia saa ileile kila siku, maana yake ni kwamba katika kila nyumba yupo mtu aliyepanga siku yake kuifuata kengele hiyo. Na katika nyumba nyingi mtu huyo ni mama, awe ameajiriwa au hajaajiriwa.

Kutoka hapo watafiti hao wawili walipiga hatua ambayo naiona kuwa kiini cha mchango wao. Pale ambapo akina mama wengi wana muda na kisomo, mwalimu hupokea watoto waliokwisha kuandaliwa, kwa hiyo saa za darasani zinakwenda kwenye mtaala. Pale ambapo akina mama wengi wako kazini kutwa, mwalimu yuleyule, kwa mshahara uleule na mtaala uleule, hutumia sehemu ya saa hizo kufanya ambacho kwingine kimekwisha kufanyika nyumbani. Mwisho wa mwaka shule ya kwanza huitwa nzuri na ya pili huitwa dhaifu, kana kwamba tofauti imo ndani ya kuta zake. Griffith na Smith waliuona mpangilio huu kuwa ni injini inayozalisha ukosefu wa usawa, na inazunguka bila mtu yeyote kukusudia mabaya. Smith aliongeza, katika makala ya mwaka 1993, kwamba nyaraka na mazoea ya taasisi yamejengwa juu ya picha ya familia ya aina moja: baba anayeleta mshahara, mama anayeshinda nyumbani, na watoto wao. Nyumba yoyote isiyolingana na picha hiyo huanza kutazamwa kuwa na kasoro, hata kabla mtu hajauliza ndani yake kunafanyika nini.

Tofauti za tabaka zilichunguzwa kwa karibu zaidi na Diane Reay, binti wa mchimba makaa ya mawe aliyefundisha shule za msingi za London kwa miaka 20 kabla ya kuwa mtafiti. Kitabu chake cha 1998 kilitokana na mazungumzo na akina mama 33 wa shule mbili za jiji hilo, moja ya mtaa wa watu wenye nafasi na nyingine ya mtaa wa wafanyakazi wenye asili mbalimbali. Reay hakukuta akina mama wanaojali upande mmoja na wasiojali upande wa pili. Alikuta kwamba wote wanahangaika, ila mahangaiko ya wengine hayaleti matunda. Mama aliyefaulu shuleni enzi zake humwendea mwalimu akijua atasikilizwa, hutumia lugha ambayo shule inaielewa, na akiona mtoto amekwama hulipia tuisheni. Baadhi ya akina mama wa aina hiyo waliweza hata kumlipa mtu wa usafi ili jioni iwe ya mtoto. Mama aliyeumizwa na shule utotoni huingia ofisi ya mwalimu na kumbukumbu zake, akatoka bila kusema alichokusudia. Akijaribu kumsomesha mtoto mwenyewe hana uhakika kama njia yake ndiyo ya shule, na saa ya masomo inaweza kuishia kwa machozi ya wote wawili. Juhudi ni ileile, thamani yake machoni pa shule ndiyo isiyolingana.

Nchini Marekani Annette Lareau alifika karibu na hapo kwa njia nyingine. Katika utafiti wa kitabu chake cha 2003, yeye na wasaidizi wake walizifuatilia kwa karibu familia 12 zenye watoto wa umri wa miaka tisa au 10, wakizitembelea mara nyingi na kuketi nazo mezani, garini na kwenye michezo. Katika familia za tabaka la kati, mtoto hulimwa kama bustani: ratiba ya michezo, muziki na mazoezi imejaa, na wazazi humzoesha kujadiliana na watu wazima. Katika familia za wafanyakazi na za maskini, wazazi huhakikisha mtoto ana chakula, usalama na upendo, kisha humwacha akue na kucheza na ndugu na binamu zake, na mambo ya shule huyaachia shule yenyewe. Lareau hakusema kwamba malezi ya kwanza ni bora kwa kila kipimo. Aliona watoto wa tabaka la kati wakichoka, wakigombana na ndugu zao na kulalamika kwamba hawana la kufanya, na aliona watoto wa kundi la pili wakijitengenezea michezo na kuwa karibu na jamaa. Alichosema ni kwamba taasisi, shule ikiwa mojawapo, huyatuza malezi ya kwanza na kuyaona ya pili kuwa uzembe. Na ratiba ile iliyojaa, mara nyingi aliyeishika mkononi alikuwa mama.

Iwapo kuna utafiti mmoja unaoonyesha jinsi hukumu hii inavyoweza kuwa potofu, ni ule wa Barbara Tizard na Martin Hughes uliochapishwa Uingereza mwaka 1984. Waliwachukua mabinti 30 wa umri wa miaka minne, nusu wa tabaka la kati na nusu wa tabaka la wafanyakazi, wakanasa mazungumzo yao wakiwa shule ya awali asubuhi na wakiwa na mama zao nyumbani mchana. Imani ya wakati ule ilikuwa kwamba watoto wa wafanyakazi hawasemeshwi vya kutosha nyumbani, na kwamba shule ya awali itafidia pengo hilo. Kanda zilisema kinyume. Nyumbani, katika makundi yote mawili, watoto waliuliza, walibisha, walirudia swali mpaka waridhike. Wakiwa na walimu wao, watoto walewale walijibu kwa ufupi na kuuliza machache, na waliopooza zaidi walikuwa wale wa wafanyakazi. Mwalimu aliyemwona mtoto kimya darasani alikuwa na haki ya kusema kwamba mtoto huyo ni mkimya darasani. Hakuwa na msingi wa kusema kwamba nyumbani kwao hakuna mazungumzo.

Valerie Walkerdine na Helen Lucey, wote wawili wakiwa wametoka katika familia za wafanyakazi, walizisoma upya kanda hizo na mwaka 1989 wakachapisha kitabu kinachoikosoa hata tafsiri ya Tizard na Hughes. Waliona kwamba mama aliyesifiwa kuwa ndiye mwangalifu ni yule anayegeuza kila shughuli kuwa somo: kupanga meza kunakuwa hesabu, kumenya viazi kunakuwa sayansi, na swali la mtoto halikatazwi hata chakula kikiungua. Mama huyo anafanya kazi mbili kwa wakati mmoja, na moja kati ya hizo inabidi ionekane kama mchezo. Mama wa tabaka la wafanyakazi aliyemwambia binti yake asubiri kwanza nguo zimalizike kufuliwa alihesabiwa kuwa mkali asiyejua malezi. Walkerdine na Lucey waliuliza kwa nini. Mtoto huyo amefundishwa kwamba kazi ni kazi, kwamba ina mwisho na ina uchovu, na kwamba mama naye ni mtu mwenye mahitaji yake. Ni elimu ya dunia ilivyo, ingawa haitahiniwi. Mabishano haya kati ya watafiti yana faida kwa msomaji wa kawaida, kwa sababu yanaonyesha kwamba hata anayewatetea akina mama anaweza, bila kujua, kuwapima wote kwa kipimo cha mama mmoja.

Pingamizi la kwanza dhidi ya tafiti hizi huhusu idadi. Akina mama 33, familia 12 na mabinti 30 wanatuambia nini kuhusu mamilioni? Ni swali la haki, na jibu lake linategemea unachotaka kujua. Ukitaka kujua ni asilimia ngapi ya akina mama wanasimamia kazi za shule jioni, watu 33 hawakutoshi. Ukitaka kujua ni kwa njia gani fedha, kisomo na muda wa mama vinageuka kuwa alama za mtoto, ni lazima uifuatilie njia hiyo hatua kwa hatua katika maisha ya watu fulani, na hojaji ya majibu ya ndiyo na hapana haiwezi kukufikisha huko. Zaidi ya hayo, watafiti wa Ontario, London na Marekani walifanya kazi kwa vipindi na mbinu tofauti, na bado wakaona mpangilio unaofanana. Takwimu kubwa nazo hazipingani nao. Shirika la Kazi Duniani lilikadiria mwaka 2018 kwamba wanawake hufanya asilimia 76.2 ya saa zote za kazi za malezi na nyumbani zisizolipwa duniani, zaidi ya mara tatu ya wanaume. Takwimu hiyo inatupa ukubwa wa jambo, na masimulizi yanatupa utendaji wake. Kimoja bila kingine ni nusu ya maarifa.

Pingamizi la pili linasema watafiti hawa wana upande, kwa hiyo wataona wanachotaka kukiona. Hatari hiyo ipo, na wa kwanza kuisema walikuwa wao wenyewe. Griffith na Smith walikiri kwamba maswali yao yalibeba ile picha ya mama bora waliyokuwa wakiichunguza, na kwamba hawakuwa nje ya hisia zake. Mwanasosholojia Janet Finch aliandika mwaka 1984 kwamba wanawake humfungukia kwa urahisi mtafiti mwanamke anayeketi nao kwa kahawa, na kwamba urahisi huo unaweza kutumiwa vibaya: alihofia kuwa yale aliyoambiwa na akina mama wa tabaka la wafanyakazi kuhusu vikundi vya kulelea watoto yangegeuzwa ushahidi kwamba hawawezi kulea. Mwaka 1988 mwanasosholojia Judith Stacey alikwenda mbali zaidi, akisema ukaribu wa kirafiki unaweza kumdhuru mhojiwa kuliko umbali wa hojaji, kwa kuwa mtafiti siku moja ataondoka na siri zake. Mtafiti anayetangaza msimamo wake na udhaifu wa njia yake amempa msomaji zana za kumkagua. Anayejiita hana upande, huku swali lake la kwanza likiwa kwamba wazazi wana mwamko au hawana, amekwisha kuchagua upande bila kusema.

Wapo pia wanaouliza kuhusu baba. Je, kuwataja akina mama peke yao si kuwafuta akina baba wanaojituma? Mwaka 1994 Miriam David, Anne West na Jane Ribbens walichapisha utafiti kuhusu namna familia za London zilivyochagua shule za sekondari, baada ya sheria ya elimu ya 1988 kuwapa wazazi nafasi kubwa zaidi ya kuchagua. Sheria ilizungumzia wazazi bila kutaja jinsia, lakini kazi ya kukusanya habari, kutembelea shule na kupima uwezekano iliangukia zaidi kwa akina mama. Lareau naye, katika makala ya mwaka 2000, alieleza jinsi mahojiano yake na akina baba yalivyokuwa na majibu ya juujuu pale alipouliza habari za kila siku za watoto, mambo ambayo wake zao waliyajua kwa kinaganaga. Hakuhitimisha kwamba baba hana kazi. Kwa kutazama nyumbani aliona baba akileta mchezo, kicheko na msisimko ambao mama, akiwa mbioni kutimiza ratiba, hakuwa na nafasi nao. Kwa hiyo kuutaja mgawanyo wa kazi hakumfuti baba. Kunaonyesha mahali hasa ambapo angeweza kuongeza mkono.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, pingamizi zito zaidi ni kwamba haya ni mambo ya Wazungu. Msomi wa Kinaijeria Oyèrónkẹ́ Oyěwùmí, katika kitabu chake cha 1997, aliwakosoa wafeministi wa Magharibi kwa kufanya mahusiano ya jinsia ya kwao kuwa kipimo cha dunia nzima, na baadaye akaonyesha jinsi dhana zao zilivyojengwa juu ya familia ya baba, mama na watoto. Mmarekani mweusi Patricia Hill Collins alikwisha kueleza mwaka 1990 jinsi katika jamii yake mtoto hulelewa na wanawake wengi, damu na si damu, wanaogawana umama. Ukosoaji huu una nguvu kwetu, ambako mtoto anaweza kulelewa na bibi kijijini, akahamia kwa mama mdogo mjini ili asome, na jioni akasimamiwa na dada wa kazi. Lakini haulivunji swali la msingi, unalipanua. Badala ya kuuliza mama anafanya nini, tuulize kazi ya umama imegawanywa vipi, na wanaoibeba ni akina nani. Mara nyingi jibu litabaki kuwa mwanamke, wakati mwingine msichana ambaye masomo yake mwenyewe yalikatizwa. Njia ya masimulizi nayo si ngeni kwetu. Mwaka 1991 kikundi cha utafiti wa wanawake cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa mkusanyiko wa historia za maisha ya wanawake wa Tanzania uliohaririwa na Magdalena Ngaiza na Bertha Koda, na mwaka huohuo likatoka toleo la Kiswahili la Wanawake Watatu wa Kiswahili, kitabu cha Sarah Mirza na Margaret Strobel chenye simulizi za wanawake wa Mombasa.

Uhusiano na sera zetu ni wa moja kwa moja. Kenya ilipoanza kutekeleza Mtaala wa Umilisi nchini kote mwaka 2019, ushirikishwaji wa wazazi ulikuwa miongoni mwa misingi yake iliyoandikwa, na upesi yakasikika malalamiko ya wazazi kuhusu vifaa vya kutafuta na kazi za kuchapisha usiku ili mtoto asiende shule mikono mitupu. Tanzania ilifuta ada na michango ya lazima hadi kidato cha nne kuanzia Januari 2016, hatua iliyofungua milango kwa watoto wengi, lakini sare, madaftari na chakula cha mtoto viliendelea kuwa jukumu la mzazi. Sera hizi mbili zina nia njema. Hata hivyo kila moja imetegemea mtu aliye nyumbani mwenye muda, fedha kidogo na kisomo cha kutosha, bila kuuliza kama yupo. Mama muuza mboga anayetoka alfajiri kwenda sokoni na kurudi giza likiingia atapokea karatasi ileile ya kazi ya nyumbani anayopokea mama mwenye kompyuta na mashine ya kuchapisha sebuleni. Darasa lenye watoto wengi kupita kiasi nalo huongeza mzigo: mwalimu asiyeweza kumsikiliza kila mtoto akisoma huipeleka kazi hiyo nyumbani, na upungufu wa walimu unageuka, kimyakimya, kuwa zamu ya usiku ya mwanamke.

Hapo litaulizwa swali la mwisho: je, hoja hii haiwapi wazazi wazembe pa kujificha? Wahenga walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na hakuna utafiti uliotajwa hapa unaokana hilo. Wazembe wapo, matajiri kwa maskini, wanaume kwa wanawake. Lakini huwezi kumtambua mzembe kabla hujajua ni kazi gani iliyotakiwa na ni nyenzo gani alizokuwa nazo. Jamii yetu ina mazoea ya kumhesabia baba mtoto akifaulu na kumrudishia mama mtoto akiharibika, na kuita hiyo hekima. Kuipima kazi yenyewe kunatupa uadilifu zaidi: atakayekutwa hakufanya akiwa na uwezo atalaumiwa kwa haki, na aliyefanya kwa kadiri ya uwezo wake hatabebeshwa aibu ya mfumo. Wengine watasema mama hufanya haya kwa mapenzi na hahesabu saa. Ni kweli, na mapenzi hayo ndiyo yaliyofanya serikali zisihesabu pia.

Tukilikubali hili, mambo kadhaa yanabadilika. Mwalimu mkuu anayepanga mkutano wa wazazi saa nne asubuhi siku ya kazi atajua kwamba amepima nani ana ruhusa ya kutoka kazini, hajapima nani anampenda mtoto wake. Wizara inayoandaa kazi za nyumbani italazimika kueleza kila moja itafanywa na nani, kwa muda upi na kwa vifaa gani, kama inavyoeleza bajeti ya madawati. Saa ya kusoma chini ya usimamizi shuleni kabla watoto hawajarudi nyumbani, pamoja na mlo wa mchana, vitaacha kuonekana fadhila na kuhesabiwa kuwa sehemu ya ufundishaji, kwa kuwa vinachukua kazi ambayo leo inabebwa bila malipo na wale wenye nafasi ndogo zaidi ya kuibeba. Na mtafiti atakayetumwa kuchunguza kwa nini shule fulani imeshika mkia ataketi kwanza na wanawake wa mtaa ule, awaombe wasimulie siku yao tangu alfajiri, kabla hajaandika neno moja kuhusu mwamko wao.